Studer na Revox: ustadi uliopoteza mnunuzi

Kabla ya kompyuta, sauti ya redio ilirekodiwa kwenye utepe wa sumaku na kuhaririwa kwa wembe, na mimi nilifundishwa hivyo. Unasimamisha mashine, unashika kwa mikono yote miwili rili mbili zilizoviringishiwa utepe, unazizungusha mbele na nyuma taratibu mpaka neno unalolitafuta linanguruma kwenye hedi, sehemu inayousoma utepe, kama mtu anayeongea usingizini. Pale silabi inapoanzia unatia alama kwa penseli ya nta. Unautoa utepe, unaulaza kwenye mfereji wa kipande cha alumini, unakata kwa mshazari, unaunga kwa gundi-tepu. Kwa mwendo wa sentimita 19 kwa sekunde, ukikosea nusu sentimita tu umeshakata mwanzo wa konsonanti, na "baba" anatoka hewani akiwa "aba".

Mashine niliyojifunzia ilikuwa Revox B77. Rili zake zilitii mkono. Ukiziachia zilisimama pale pale ulipoziachia, na ukibonyeza kitufe cha kucheza, sauti ilikuja ikiwa imetulia tangu neno la kwanza, bila ule mwayo wa mashine inayotafuta mwendo wake. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kusoma habari za kiwanda cha Uswisi kilichoitengeneza, cha Willi Studer, nilitaka jibu la swali moja: watu waliojua kazi kiasi hiki waliangukaje? Jibu linalotolewa haraka ni kwamba Wajapani waliwaua kwa bei. Nimelichunguza na naona halitoshi.

Mtu aliyeanza na tatizo la mwendo

Willi Studer alizaliwa mwaka 1912. Alianzisha kampuni yake mjini Zürich mwaka 1948, na bidhaa za mwanzo zilikuwa osiloskopu, vifaa vya kupimia umeme. Kurekodi sauti kulimjia kwa njia ya kazi ya kibarua: mwaka 1949 aliombwa azirekebishe mashine za kurekodia zilizotoka Marekani ili zifanye kazi Ulaya.

Wengi huipita hatua hii haraka, lakini kwangu ndiyo mbegu ya kila kilichofuata. Umeme wa Marekani unapiga mapigo 60 kwa sekunde, wa Ulaya 50. Mota inayofuata mapigo hayo, ukiihamisha kutoka hezi 60 kwenda 50, inapungua mwendo kwa sehemu moja ya sita. Wimbo unazama, sauti ya mwanamke inakuwa ya mwanamume. Kwa hiyo jambo la kwanza Studer alilokutana nalo kwenye mashine ya utepe lilikuwa mwendo, na katika kuzifungua mashine za wengine aliona kwamba yeye angeweza kutengeneza bora zaidi. Akatoa ya kwake, Dynavox. Mwaka 1951 likazaliwa jina Revox kwa mashine za nyumbani, na mwaka huo huo mashine yake ya kwanza ya kikazi, Studer 27, ikatumika kwenye tamasha la muziki la Lucerne.

Tangu hapo kampuni ilitembea kwa miguu miwili. Studer lilikuwa jina la vituo vya redio na studio za muziki, Revox la sebuleni. Uhandisi ulikuwa mmoja. Kilichogunduliwa kwa ajili ya studio kilishuka mpaka kwa mpenzi wa muziki, na fedha za wapenzi wa muziki zililipa utafiti wa studio. Kwa upande wa mauzo ya mashine za kikazi, kampuni ya Kijerumani ya EMT ilimfungulia milango ya vituo vya utangazaji vya Ulaya kwa miaka mingi.

Mwaka 1960 ikaja C37, mashine ya vali, zile taa za kioo zilizotangulia transista, iliyojenga jina, na mwaka 1964 J37, iliyogawa utepe wa inchi moja kwa traki nne, njia nne za sauti zinazokwenda sambamba. Kampuni ya rekodi ya EMI ilizinunua kwa studio zake za Abbey Road, London. Hizo ndizo zilizobeba albamu ya Beatles ya mwaka 1967, Sgt. Pepper. Walipofika kwenye wimbo "A Day in the Life" traki nne hazikutosha, kwa sababu kulikuwa na okestra nzima ya kuingiza. Fundi wa EMI, Ken Townsend, akarekodi mlio wa hezi 50 kwenye traki moja ya mashine ya kwanza, akaukuza, akautumia kuendesha mota ya mashine ya pili. Mashine mbili zikaenda kama moja. Ni mwendo ule ule tena: mashine iliyotengenezwa kwa uangalifu kiasi kwamba fundi aliweza kuishika kwa mlio na kuiongoza.

A77

Mwaka huo huo wa 1967 Revox ilitoa A77, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana mashine hii inastahili kutazamwa kwa karibu.

Ndani yake kuna mota tatu. Mbili ni za rili. Ya tatu inazungusha mhimili mwembamba wa chuma ambao, ukisaidiwa na gurudumu la mpira linaloubana utepe, ndio unaouvuta utepe mbele ya hedi. Mhimili huo ukiwa na kasoro ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho, noti ndefu ya piano inayumba. Mashine nyingi za wakati ule zilitegemea mapigo ya umeme wa gridi kushika mwendo. A77 ilikuwa na kihisi kinachohesabu mizunguko ya mota yenyewe, na saketi ya elektroniki inayoilinganisha hesabu hiyo na kipimo chake, kisha kuongeza au kupunguza nguvu kila mara. Haikujali gridi inasema nini. Kwa aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo kinachowashwa kwa jenereta, ambapo umeme unanyanyuka na kushuka kadiri mashine nyingine zinavyowashwa, hilo halihitaji maelezo zaidi.

Yote haya yalikaa kwenye mashine ya kilo 15 hivi ambayo mtu mmoja anaibeba, kwenye fremu ya alumini ya kumimina isiyopinda. Mwalimu wa muziki au mwandishi wa habari aliyejibana aliweza kununua, kwa bei ya nyumbani, ubora unaokaribia wa kituo cha redio. Nyaraka zake za matengenezo zilichapwa kwa Kijerumani, Kiingereza na Kifaransa, zikiwa na kila saketi, kila skrubu na kila kipimo. Kiwanda kilitaka fundi yeyote, popote alipo, aweze kuifungua na kuifunga. Hilo peke yake linaeleza kwa nini nyingi bado zinazunguka leo.

Baada yake ikaja A80 mwaka 1970, iliyotumika kwa upana wa utepe tofauti tofauti, kuanzia robo inchi ya redio hadi inchi mbili za traki 24. B77, ile niliyojifunzia, ikatoka mwaka 1977. Mwaka uliofuata ikaja A800, ambamo mikroprosesa ilisimamia mwendo wa utepe, na chuo kikuu cha ufundi cha ETH Zürich kikampa Studer shahada ya heshima. Viwanda vilikuwa Regensdorf nje ya Zürich, Mollis katika jimbo la Glarus, na ng'ambo ya mpaka katika Msitu Mweusi wa Ujerumani, kama Löffingen. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni iliajiri karibu watu 2,000.

Faranga ilivyopanda

Pigo la kwanza lilitoka benki, wala halikuhusu sauti. Mpaka mwaka 1971 dola moja ya Marekani ilikuwa kama faranga 4.30 za Uswisi. Vuli ya mwaka 1978 ilikuwa imeshuka chini ya 1.60. Chukua mashine ambayo kiwanda kinahitaji faranga 2,000 ili kupata faida yake. Mmarekani aliyeinunua mwanzoni alitoa dola 465. Yule wa 1978 anaombwa dola 1,250 kwa mashine ile ile, na kiwanda hakijaongeza hata senti. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Oktoba 1978 Benki Kuu ya Uswisi iliingilia kati kuizuia faranga isizidi kupanda dhidi ya marki ya Ujerumani.

Jirani zao watengeneza saa walikuwa wanapitia tanuri hilo hilo, na zaidi: saa za kwatsi kutoka Japani. Sekta iliyokuwa na wafanyakazi kama 90,000 mwaka 1970 ilibaki na zaidi kidogo ya 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Studer alikuwa na kinga ambayo watengeneza saa wengi hawakuwa nayo. Kituo cha redio hakinunui mashine kwa kuangalia bei pekee. Kinanunua uhakika kwamba taarifa ya habari ya saa mbili itakwenda hewani. Viwanda vya Ujerumani navyo vilimpa nafasi ya kulipa sehemu ya gharama kwa marki. Kwa hiyo alivumilia. Wajapani wa Otari na Teac walimega soko, Sony vilevile, lakini hawakumwangusha. Na ukitazama mbele kidogo unaona kwamba biashara ya mashine za rili iliwafia Wajapani pia. Nguvu iliyoyavunja maboma yote mawili ilitoka kwingine.

Pale wakati ulipoacha kuwa urefu

Kwenye utepe wa analogi, wakati ni urefu. Sekunde moja ni sentimita 38 za utepe kwenye studio. Kitu chochote kinachotikisa urefu huo, mota inayokwama kwa nukta moja, mhimili usionyooka, utepe unaovutwa kwa nguvu isiyo sawa, kinautikisa wakati, na sikio la binadamu linasikia. Ndiyo maana studio ililipa bei ya gari kwa mashine ya kurekodia. Walikuwa wananunua wakati uliotulia, na Studer aliutengeneza kwa chuma.

Dijitali ilikata uhusiano huo. Sauti inageuzwa namba, namba zinaandikwa, na zinaposomwa zinaingia kwanza kwenye hifadhi ndogo ya kumbukumbu. Kutoka hapo zinatolewa moja moja kwa mapigo ya fuwele ya kwatsi. Mota inaweza kuyumba itakavyo. Ili mradi namba zifike kabla hazijahitajika, sauti inatoka imetulia kabisa. Fuwele hiyo ni ya bei ndogo sana. Ustadi wa miaka thelathini, wa kumimina fremu, kusaga mihimili, kutengeneza hedi na kusawazisha mota, ukawa hauna wa kuununua, hata ingawa hakuna aliyeupita.

Mimi naona hapa ndipo palipo kiini cha kisa chote, na ushahidi wangu ni mashine moja: B225, mashine ya kwanza ya Revox ya kuchezea CD, ya mwaka 1983. Ifungue. Sanduku ni la Revox, vitufe ni vya Revox, umaliziaji ni ule ule wa kuaminika. Lakini sehemu inayozungusha diski na kuisoma kwa leza inatoka Philips. Kwenye A77 moyo ulikuwa wa kwao. Kwenye B225 waliununua. Baadaye Studer na Philips waliunda hata kampuni ya pamoja kwa ajili ya CD, lakini mwenye kuujua moyo wa kifaa alikuwa Philips. Mteja aliyelipa zaidi kwa jina la Revox alilipia sanduku, saketi na uangalifu. Vilikuwa na thamani yake, ila vilikuwa vitu ambavyo mwingine naye angeweza kuvipata.

Isidhaniwe kwamba Regensdorf walilala. Waliingia katika mfumo wa kurekodi namba kwenye utepe wa rili pamoja na Sony, uliojulikana kama DASH, na wakatengeneza mashine nzuri za mfumo huo, zikiwemo za traki 48. Ila mashine ya Sony ya traki nyingi ilikuwa sokoni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ya kwao ilikuja muongo ukikaribia kwisha. Walinunua pia kampuni ndogo ya California iliyokuwa na Dyaxis, mfumo wa kuhariri sauti kwenye kompyuta na diski. Maana yake ni kwamba humo ndani kulikuwa na watu walioona barabara inakokwenda. Lakini kiwanda chenye watu wengi wanaojua chuma hakigeuki kuwa nyumba ya waandika programu kwa kununua ofisi moja Marekani. Nami nalisema hili kwa huruma, kwa sababu nimeona mafundi wa aina hiyo. Mtu aliyetumia maisha yake kuondoa mtikisiko usioonekana kwa macho, akiambiwa kwamba mtikisiko haujalishi tena, haamini mara moja. Anadhani ni uzembe wa vijana.

Kisha Januari 1991 kampuni ya Marekani, Alesis, ikaonyesha ADAT, iliyoanza kuuzwa mwaka uliofuata. Traki nane za dijitali kwenye kaseti ya video ya S-VHS, dola 3,995. Ukiunganisha tatu una traki 24 kwa chini ya dola 12,000. Mitambo yake ilikuwa ya video ya kawaida, na mafundi waliilalamikia, lakini mwanamuziki aliweza kuiweka chumbani kwake. Studio ya kukodi, ambayo ndiyo iliyokuwa mnunuzi wa Studer, ikaanza kukimbiwa na wateja. Pro Tools, programu ya kurekodi na kuhariri sauti kwenye kompyuta, ilikuwa imeshaanza kuuzwa.

Mauzo

Willi Studer aliuza kampuni yake mwaka 1990, akiwa na miaka 77. Mnunuzi alikuwa Motor-Columbus, kampuni ya nishati na uhandisi ya mji wa Baden, isiyo na historia ya sauti. Mwaka uliofuata kundi likagawanywa: mashine za kikazi upande mmoja, Revox upande wa pili, uzalishaji upande wa tatu. Watu wengi wakapoteza kazi. Mwaka 1994 Studer ikauzwa kwa Harman ya Marekani, na Revox ikaenda kwa wawekezaji binafsi. Mzee alifariki Machi 1996, akiwa ameyaona yote hayo.

Kati ya maamuzi yote, huo mgawanyo ndio ninaoulaumu zaidi. Miguu miwili niliyoitaja ilikuwa ya mwili mmoja. Ukiitenganisha, Studer inabaki na utafiti ghali bila mauzo ya nyumbani ya kuulipia, na Revox inabaki na jina la heshima bila maabara iliyoipa heshima hiyo. Mwenye hesabu za kiwanda mezani atasema kila kitengo kilipaswa kujitegemea. Kwa karatasi, sawa. Lakini kilichokuwa kinauzwa na vyote viwili ni ujuzi ule ule, na ujuzi haugawanyiki katika vitabu vitatu.

Uswisi hiyo hiyo ina mfano wa kulinganisha. Stefan Kudelski alikuwa akitengeneza Nagra, mashine ndogo ya rili iliyobebwa na waandishi wa redio na watengeneza filamu duniani kote, na yeye pia mashine yake ya kwanza ilitoka mwaka 1951. Dijitali ilimkabili kama ilivyomkabili Studer. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni yake iligeukia mifumo ya kufunga na kufungua matangazo ya televisheni za kulipia, kazi inayofanywa leo na ving'amuzi na kadi zake, na mwaka 1991 mwanawe André akashika uongozi. Biashara hiyo mpya ikaikuza kampuni kupita chochote ambacho rili zingeweza kuleta, na Nagra zikaendelea kutengenezwa pembeni. Kudelski hakuwa fundi bora kuliko Studer. Kampuni yake ilikuwa na mrithi wa kuipokea, na ilihamia biashara nyingine kabisa badala ya kutafuta namna ya kuendelea kuzungusha rili kwa dijitali.

Chini ya Harman jina la Studer liliendelea kuishi kwenye mikseri za redio na televisheni, na zilikuwa nzuri. Vituo vingi vilitangaza kupitia hizo bila kujua lolote kuhusu rili. Mwaka 2017 Harman yenyewe ikanunuliwa na Samsung ya Korea Kusini. Mwaka 2021 Studer ikapita kwa Evertz ya Kanada. Revox ipo bado, makao yake yakiwa Villingen-Schwenningen, Ujerumani, ikiuza mifumo ya muziki ya majumbani, na miaka ya karibuni imerudi kutengeneza B77 mpya kwa wapenzi wa rili wenye uwezo.

Kwenye vyumba vya kumbukumbu za redio mashine zile za zamani zimepata kazi ambayo hakuna aliyeipanga. Utepe wa robo inchi hausomwi na kompyuta. Hotuba, ngano, taarabu, michezo ya redio na sauti za wazee walioondoka zimelala kwenye maboksi, gundi ya utepe ikizidi kulegea kila mwaka, na njia ya kuzitoa humo ni kuzipitisha, mara moja na kwa utulivu, mbele ya hedi safi ya mashine isiyoyumba. Fundi anafuta hedi kwa pamba na spiriti, anautandaza utepe kwa vidole, anabonyeza kitufe. Upande wa pili wa waya kuna kompyuta inayorekodi. Mwendo ukiyumba hapo, kompyuta inauhifadhi ule mtikisiko milele, kwa hiyo A80 na B77 zinapelekwa kwa mafundi waliobaki, zinabadilishiwa kapasita na gurudumu la mpira, na kurudishwa kazini.